Bati la Kwanza: Hotuba kwa Mafundi wa Bodi, Mombasa

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi mbele ya mafundi wa bodi na wapenzi wa magari ya zamani hapa Mombasa. Wengi hawakupata nafasi ya kufika, wakaniomba niyaandike. Nimeyaweka kama nilivyoyatamka. Picha za ukutani nimeziacha.

*

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu mafundi, dada zangu mliofunga kazi za Jumamosi mkaja kunisikiliza, ahsanteni sana.

Naanza na kipande hiki. Mnakiona? Kinajaa kiganja tu. Ni alumini, nyembamba kama milimita moja. Upande wa nje kina rangi nyekundu iliyochubuka. Upande wa ndani hakina rangi. Nitakipitisha mwisho, kila mtu akishike. Kwa sasa kikae hapa mezani.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Malindi mnaijua: mtoto anauza maembe kwa Kiitaliano kabla hajaanza shule. Lugha hiyo ndiyo iliyonifikisha Modena, Italia, na mkono niliofundishwa hapa Mombasa ndio ulionipa kazi nilipofika. Miaka sita nimefanya kazi kwenye karakana moja nje kidogo ya Modena, wanakofufua magari ya spoti ya Kiitaliano ya miaka ya 1950, 1960 na 1970. Kule fundi wa bodi huitwa battilastra. Maana yake ni mpiga bati. Basi, ni sisi! Ni kazi yetu hii hii. Ila kule, mpiga bati mzee akiingia mkahawani asubuhi, watu husogea wampishe kiti.

Kwa nini wampishe? Hilo ndilo lililonileta leo. Magari haya yanauzwa kwa fedha zinazotisha, na watu wengi hudhani fedha hizo ni za injini, au za jina la Ferrari, au za mbio. Zimo, sikatai. Lakini nimekaa kule nikaona kwa macho yangu tajiri anapokuja kukagua gari anatazama wapi kwanza. Anatazama bati la kwanza, na anauliza karatasi ya kwanza. Bati lile lile lililotoka kiwandani, na karatasi ile ile iliyosema gari liliagizwa vipi. Vikikosekana hivyo viwili, amebaki na gari zuri, basi. Magari mazuri ni mengi.

*Nani aliyelifua?*

Tuanze na bati. Kulikuwa na mtu Modena akiitwa Sergio Scaglietti, aliyezaliwa mwaka 1920. Alifiwa na baba akiwa mdogo, akaingia kazini. Hakusomea uchoraji wa magari. Alikuwa na nyundo, na mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga. Bamba la alumini linalazwa juu ya mfuko, linapigwa, linageuzwa, linapigwa tena, jicho likipima. Mara nyingi hapakuwa na mchoro wa kufuata. Enzo Ferrari, mwanzilishi wa kampuni ya Ferrari, akiwaza gari la mbio, Scaglietti ndiye aliyekuwa akilivisha ngozi. Ferrari 250 Testa Rossa yenye mashavu yaliyopasuliwa ni kazi ya karakana yake. 250 GTO ni kazi ya karakana yake. Mwaka 2004 Ferrari wakatoa gari wakaliita 612 Scaglietti. Mafundi wenzangu, sikilizeni: kampuni ile ilichukua jina la mpiga bati ikalibandika kwenye gari jipya, na mwenyewe yu hai, analiona. Alifariki mwaka 2011, ameshapita miaka tisini.

GTO zilitengenezwa 36 tu, kati ya mwaka 1962 na 1964. Mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani California kwa dola milioni 48.4. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna ikatamka kwamba umbo la gari lile ni kazi ya sanaa, na linalindwa kama sanaa. Mimi siku ile nilikuwa karakanani. Habari ilipofika, wazee waliendelea kupiga nyundo kama kawaida. Mmoja tu aliinua uso akasema, "Wamechelewa."

Sasa nikupelekeni karibu kidogo. Mwaka wangu wa kwanza kule niliwekwa kwenye Ferrari moja ya mwisho wa miaka ya 1950, bodi yote alumini. Madigadi ya mbele upande wa kushoto ilikuwa imebonyea. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikachukua kadibodi, nikakata umbo la madigadi ya kulia ambayo ni nzima, nikaigeuza niilaze kushoto nione pa kunyoosha. Haikukaa. Mbele ilikaa, katikati ikapanda, na juu ya gurudumu ikaacha mwanya wa kidole kizima. Nikasema, hili gari limewahi kugongwa vibaya, limepinda lote. Nikashika nyundo.

Fundi mkuu akanishika mkono. Mzee wa miaka sabini na kitu, vidole vyake vizito kama mizizi ya mkoko. Akatazama kadibodi yangu, akatazama gari, akaniambia: "Wacha. Upande ule alifua mtu mwingine."

Mnaelewa? Mwaka ule, karakana ile, kushoto alisimama mtu mmoja na nyundo yake, na kulia mwingine na yake. Kila mmoja na jicho lake, na bega lake, na namna yake ya kumalizia mkunjo. Gari halikupinda. Lilitoka hivyo. Nami nilikuwa dakika moja tu nifute kazi ya mtu aliyekwisha kufa, kwa kuisawazisha.

Tangu siku ile kila nikisikia msemo wetu, kipya kinyemi ingawa kidonda, naukumbuka mwanya ule wa kidole. Maana tunapenda kipya! Mteja anakwambia, "Fundi, nataka ing'ae kama imetoka dukani." Nawe unapiga puti, unapiga msasa, unasawazisha, unapuliza rangi, gari linang'aa mpaka unajiona usoni. Na chini ya mng'ao huo mna nini?

Kuna jambo la kiufundi hapa sitalipita, kwa sababu sisi ni watu wa Pwani na chumvi tunaijua. Karakana ya Touring ya Milano, iliyoanzishwa mwaka 1926, ilibuni muundo ulioitwa Superleggera, yaani nyepesi mno. Ni mifupa ya mabomba membamba ya chuma, kisha ngozi ya alumini inafumbatwa juu yake. Alfa Romeo, Lancia, Maserati, Aston Martin za Waingereza, wote waliutumia. Ni muundo wa kupendeza. Lakini chuma na alumini zikigusana, ukaongeza unyevu na chumvi, alumini inaliwa. Inatoa unga mweupe, rangi inavimba kama malengelenge. Sasa fundi asiyejua anafanyaje? Anakwangua malengelenge, anajaza puti, anapuliza. Baada ya miaka miwili malengelenge yamerudi, na safari hii bati limekwisha kabisa. Ugonjwa uko ndani, pale bomba linapogusana na ngozi. Lazima ufungue ukingo, usafishe, utenganishe metali mbili zile, ndipo ufunge. Kazi ya wiki tatu, na mteja hataona chochote kilichobadilika. Mweleze kabla hujaanza, na umtoze fedha ya wiki tatu.

*Daftari la kiwanda*

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sijui kama kuna mahali msemo huu unafaa kuliko kwenye magari haya.

Zamani zile mteja wa Ferrari alikuwa kama mtu anayekwenda kwa fundi cherehani. Aliulizwa: unataka vipi? Chukueni 275 GTB, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1964. Kwa kawaida ilitoka na bodi ya chuma, lakini ukitaka, uliweza kuagiza bodi nzima ya alumini. Kwa kawaida ilikuwa na kabureta tatu za Weber. Ukitaka, sita. Rimu za kumwaga au za spoku za Borrani. Baadaye pua ikarefushwa, kwa sababu ile fupi ilikuwa inainuka gari likikimbia sana. Sasa wekeni pamoja: pua ndefu, alumini, kabureta sita. Watu walioagiza vyote hivyo walikuwa wachache. Leo ukisimamisha 275 mbili nyekundu pamoja, mpita njia haoni tofauti. Mwenye sumaku anaiona.

Ndiyo, sumaku! Hunata kwenye chuma, kwenye alumini hainati. Ya mlango wa friji inatosha, ukiifunga kitambaa isikwaruze. Nilikuwa natembea nayo mfukoni. Alfa Romeo walitoa Giulia GTA mwaka 1965, A ikiwa ni ya neno la Kiitaliano la kupunguziwa uzito. Kwa macho ni Giulia coupé ya kawaida iliyochorwa na karakana ya Bertone. Lakini ngozi yake ni alumini, na injini ya silinda nne ina plagi mbili kila silinda. Ni gari adimu, na kwa hiyo bandia zake ni nyingi. Mara mbili nilimwona mtu amekuja na GTA yake kifua mbele, sumaku ikanata kwenye mlango: tak! Ile sauti ndogo. Mtu anabadilika rangi.

Lakini sumaku haisomi kila kitu. Tazameni Dino 246, gari dogo lenye injini ya V6 katikati, lililopewa jina la mtoto wa Enzo Ferrari aliyefariki mwaka 1956 akiwa na miaka 24. Mwishoni mwa uzalishaji wake uliweza kuagiza vitu viwili: viti vyenye mistari kama vya Ferrari Daytona, na rimu pana za Campagnolo. Rimu zile zilizidi upana wa bodi, kwa hiyo kiwanda kilitoa matao ya madigadi yaliyopanuliwa. Wamarekani wana jina la mkato, viti na matao. Dino zilitoka zaidi ya 3,700, na zenye viti na matao kutoka kiwandani ni sehemu ndogo sana. Bei inapanda mno ukivikuta vyote viwili.

Sasa nawauliza mafundi: ni kazi ngumu kupanua tao la madigadi? Si ngumu. Siku nne, mtu mwenye mkono mzuri. Ni kazi ngumu kushona kiti cha mistari? Hata hapa Mwembe Tayari unashonewa. Basi nani atajua kama tao hili lilitoka kiwandani mwaka 1974 au lilichomelewa juzi? Karatasi ndiyo inajua. Ndiyo maana Maranello, kwenye kiwanda cha Ferrari, leo kuna idara inayokagua chesisi, injini, giaboksi na bodi, kisha inatoa kitabu cha uthibitisho. Lamborghini nao wana yao kiwandani kwao Sant'Agata, iitwayo Polo Storico.

Na kuna agizo lisiloonekana kabisa hata ukilizunguka gari mara mia. Miura ya Lamborghini, ile ya mwaka 1966 aliyoichora Marcello Gandini akiwa Bertone, ina silinda 12 zilizolazwa mkingamo nyuma ya dereva. Ili vyote vienee, injini na giaboksi viliwekwa kwenye nyumba moja, vikinywa oili ile ile. Fundi yeyote hapa anaona tatizo: unga wa chuma unaosagika kwenye gia unazunguka unaingia kwenye injini. Toleo la mwisho, SV, lilitoka 150 tu, na katika hizo, baadhi ndizo zilizotenganishwa oili. Nje ni gari lile lile. Bei si ile ile hata kidogo.

Na rangi je? Hapa nina uchungu kidogo. Miaka ya 1980 kila mwenye Ferrari alitaka nyekundu. Magari ya kahawia, ya kijani, ya buluu, ya manjano, yote yakapakwa nyekundu. Dino moja ililetwa kwetu, nyekundu mpaka ndani ya buti. Nikafungua bawaba ya mlango, nikakwangua kwa wembe mahali pa ukubwa wa punje ya mchele. Nyekundu. Chini yake rangi ya msingi ya kijivu. Chini yake kahawia yenye chembe za metali, inameremeta kama tende mbichi iliyolowa. Nikamwita mwenye gari akatazama kwa kioo cha kukuzia. Alikaa chini. Alikuwa nalo miaka 20, na hakuwahi kuonana nalo.

*Bei inasema nini*

Februari 2015, Paris. Familia moja ya Ufaransa ilikuwa na magari 59 aliyokusanya mzee mmoja, Roger Baillon, yaliyokaa vibandani miongo mingi yakioza. Miongoni mwake Ferrari 250 GT California Spider ya mwaka 1961, chesisi fupi, iliyowahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon. Ilikutwa imefunikwa kwa marundo ya magazeti. Hebu fikiria, magazeti juu ya buti la gari lile! Ilikuwa na taa za mbele zilizofunikwa kwa kioo, na za namna hiyo zilitoka 37 tu. Wakaipeleka mnadani na vumbi lake. Hakuna aliyepiga msasa, hakuna aliyepuliza. Ikauzwa kwa zaidi ya euro milioni 16.

Septemba 2017, Maranello. Ferrari Daytona ya mwaka 1969, iliyokaa miaka kama 40 kwenye banda huko Japani, mkoa wa Gifu. Daytona za barabarani zenye paa zilitoka zaidi ya elfu moja, nyingine zote bodi ya chuma. Hii ndiyo pekee ya barabarani iliyotoka na bodi ya alumini. Vumbi juu yake ungeweza kupanda mchicha. Euro milioni 1.8. Daytona iliyosafishwa, iliyopakwa upya, inayong'aa, ilikuwa ikiuzwa kwa sehemu tu ya fedha hizo.

Mnunuzi amelipia nini pale? Amelipia kwamba hakuna fundi aliyemtangulia. Inauma kuisikia, najua, sisi ndio mafundi.

Na upande wa pili ni msiba. Ferrari 250 GTE lilikuwa gari la watu wanne, karibu 950 yalitengenezwa kuanzia mwaka 1960. Kwa muda mrefu halikuwa na soko, ila injini yake ni ya ukoo mmoja na ya GTO. Watu wakayakata. Mazima, yanayotembea! Wakayakata wakatengeneza GTO za bandia. Leo GTE nzima inatafutwa kwa taa, na zile bandia zimebaki bandia.

Na sisi tusidhani tuko mbali na haya. Mwaka 1975 Lancia Stratos mbili zilimaliza Safari Rally nafasi ya pili na ya tatu, zikiendeshwa na Munari na Waldegård, nyuma ya Peugeot. Bodi yake ni faibaglasi, nyundo yako haina kazi pale, lakini wazee waliokuwa barabarani wanaikumbuka sauti yake. Lancia Delta Integrale ikashinda mbio hizo mwaka 1988, 1989 na 1991. Na maonyesho makubwa ya magari pale Ngong Racecourse, Nairobi, yanaandaliwa na chama cha wenye Alfa Romeo. Magari haya yapo nchini mwetu. Yako chini ya miembe, nyuma ya maghala, chini ya maturubai.

Ndiyo maana nitasema na hili. Kabla sijaenda Italia nilifanya kazi kwenye gereji moja, jina halina haja. Ililetwa Alfa Giulia Sprint GT ya miaka ya 1960. Zile za mwanzo boneti yake mbele imekaa juu kidogo ya pua, kama ngazi ndogo, milimita chache tu. Waitaliano huita scalino, kingazi. Mteja aliona ni kasoro: "Boneti haifungi vizuri." Nasi tukaona ni kasoro. Tukaikata pua yote, nzima, haina kutu, tukachomelea pua ya gari la baadaye iliyo laini. Ikapendeza. Ile pua ya kwanza niliibeba mimi mwenyewe begani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akaiweka kwenye mizani, akanilipa kwa kilo. Miaka michache baadaye, Modena, nilimwona mtu amesafiri kutoka Ujerumani kutafuta pua kama ile. Sikuweza kumtazama.

Basi nawaomba, ndugu zangu. Mkipata gari la namna hii, msikate siku ya kwanza. Pigeni picha kila pembe, hata chini ya zulia. Kwangueni punje moja ya mchele mjue rangi ya kwanza. Andikeni namba ya chesisi, ya injini, na namba zozote mtakazozikuta kwenye kingo za milango na boneti, maana wale wazee wa kule walikuwa wakiandika namba kwa kalamu ya nta au kuigonga kwenye bati ili milango isichanganyike. Na kipande chochote kikilazimika kutoka, hata kama kimeliwa nusu, kifungeni, kiandikeni, kiwekeni ndani ya buti la gari hilo hilo. Ni cha mwenye gari.

Hiki hapa mezani kilitoka kwenye ukingo wa ile madigadi ya kushoto. Kilikuwa kimeliwa na kutu ya alumini, hakikuwa na dawa. Mwenye gari alikubali nikichukue siku nilipokuwa naaga.

Nakipitisha sasa. Tuanze na mzee wangu pale mbele. Usikitazame nje, mzee, kigeuze. Pitisha kidole gumba upande wa ndani, polepole. Unazisikia? Ndizo nyundo zake. Zimepangana kama magamba ya samaki, ila pale karibu na pembe zimekwenda kombo kidogo. Hapo alichoka, au aliitwa na mtu.

Mpe na huyo kijana.